Mtoto Anarudisha Chenji Sawasawa, Kwa Nini Anafeli Hisabati?

(Mada niliyoiwasilisha kwenye kikao cha vijana wa chama, Nansio, Ukerewe. Wengi mliniomba niiweke hapa. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema, na mwishoni nimeongeza maswali mawili yaliyoulizwa.)



Najua wengi mlitegemea nizungumzie Katiba Mpya, kwa sababu nasoma sheria. Kwenye Katiba tutafika, msiwe na wasiwasi, ila leo nitapitia darasa la pili kwanza. Nazungumzia kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Mimi si mwalimu. Ni mtu ambaye likizo mbili mfululizo amekaa chini ya mwembe na watoto wa majirani, wa darasa la pili mpaka la tano, akiwauliza maswali. Na kuuliza maswali mpaka ukweli utoke ndiyo kazi ninayoisomea.

Tatizo si kichwa cha mtoto

Tuanzie mwaloni. Kila mtu hapa ameshawahi kuuziwa dagaa na mtoto wa miaka tisa au kumi. Fungu moja shilingi 500. Unachukua mafungu matatu, unatoa noti ya elfu mbili, na kabla hujafunga mfuko ameshakurudishia jero yako. Hajashika kalamu, hajahesabu vidole.

Sasa mchukue mtoto huyohuyo, mwandikie kwenye daftari 2,000 toa 1,500, moja juu ya nyingine. Kuna watoto watakaoandika jibu ni 1,500. Nimeliona jibu hilo zaidi ya mara moja, kwa watoto tofauti.

Jamani, jibu hilo halikutoka hewani. Fuata anavyofanya. Sifuri toa sifuri ni sifuri. Tena sifuri. Halafu anakuta sifuri juu na tano chini, sifuri toa tano haiwezekani, basi anageuza: tano toa sifuri ni tano. Mbili toa moja ni moja. Jumla imesomeka 1,500. Mtoto kafuata kanuni vizuri kabisa, isipokuwa kanuni yenyewe ni mbovu. Inasema: toa ndogo kwenye kubwa. Aliwahi kuambiwa hivyo alipoanza kutoa namba za chini ya kumi, ikamfaa, na hakuna aliyerudi kumwonyesha kwamba 2,000 ni kitu kizima, si tarakimu nne zilizopanga foleni.

Na si huku kwetu tu. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti walioufanya Recife, Brazil. Waliwafuata watoto watano waliokuwa wakifanya biashara mtaani, wakanunua kwao kama wateja wa kawaida. Hesabu zilipokuja kwa njia ya biashara, watoto walipatia asilimia 98. Hesabu za namna hiyohiyo zilipoandikwa kwenye karatasi bila biashara, walipatia karibu asilimia 37. Watoto ni walewale na vichwa ni vilevile. Kati ya soko na daftari kulikosekana daraja.

Hilo daraja ndilo mada yangu. Kwenye mtihani wa kidato cha nne Hisabati inashika mkia miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2021 na 2022 waliofaulu somo hilo walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Tunalia na kidato cha nne, wakati mtoto alishaachwa njiani tangu darasa la pili na la tatu, pale namba zilipoacha kuwa vitu zikawa michoro ya kukariri.

Na sisi wa Ukerewe hatuwezi kusema namba ni mambo ya shuleni tu. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, MV Nyerere ilipinduka ikiwa imekaribia gati la Bwisya, Ukara. Kivuko kile uwezo wake ulikuwa watu 101. Tuliowapoteza ni zaidi ya 220. Simlaumu hata abiria mmoja, maana wajibu wa kuhesabu ulikuwa wa waliopewa dhamana. Lakini ile 101 ilikuwa namba ya kulinda uhai. Tunahitaji kizazi ambacho kikiona namba imeandikwa kwenye chombo, kwenye risiti, kwenye fomu ya matokeo au kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kinauliza: hii inalingana na ninachokiona?

Mambo saba yanayowezekana hapahapa

Sasa tuje kwenye kazi. Haya mambo saba hayahitaji mfadhili. Mengine walimu wetu wanayajua kuliko mimi, ila hawana nafasi ya kuyafanya kwenye darasa lililofurika. Mengine nimeyaona yakifanya kazi kwa macho yangu.

La kwanza: kitu, halafu picha, halafu namba. Kwa mpangilio huo. Chukua vijiti, au mabua ya mtama, hata visoda. Vijiti kumi vifungwe kwa kamba, viwe fungu. Sasa 42 ni mafungu manne na vijiti viwili. Mwambie mtoto akupe vijiti 17. Atakupa fungu moja, halafu atakwama, maana anavyo viwili na wewe unataka saba. Usimwambie kitu. Subiri. Mwenyewe atafungua fungu moja, avipate kumi na viwili, akupe saba. Abaki na mafungu mawili na vijiti vitano. Ishirini na tano. Huko ndiko "kukopa" kunakoandikwa ubaoni, ila sasa kakushika kwa mkono, na kaona kwamba hakuna kilichokopwa: fungu ni lake mwenyewe, amelifungua tu. Siku ya pili achore mafungu na vijiti kwenye daftari. Siku ya tatu au ya nne ndiyo aandike tarakimu. Mtoto wa 1,500 tuliyemwona mwaloni anapona kwa njia hii. Wengine siku mbili, wengine wiki mbili.

La pili: trei ya mayai. Trei ya kawaida ina mayai 30, mistari mitano ya sita sita. Trei tupu zinatupwa kila siku hapa mjini. Igeuze hivi, ni tano mara sita. Igeuze vile, ni sita mara tano. Mtoto anaona bila kuambiwa kwamba jibu ni lilelile, na hapo umempunguzia karibu nusu ya jedwali la kuzidisha la kukariri. Kata trei ubaki na mistari mitatu ya nne nne, umepata 12. Mpe visoda 12 avigawe kwenye mistari mitatu: hiyo ni kugawanya, na trei ni ileile. Wazee wenye bao nao wana darasa kamili barazani. Mashimo 32, mistari minne ya nane nane, kete 64. Muulize mtoto kila shimo lingepata kete ngapi zikigawanywa sawa. Muulize nusu ya mashimo ni mangapi. Babu atafurahi kuulizwa.

La tatu: robo ya sukari. Muulize mtoto wa darasa la nne ipi kubwa, moja ya tatu au moja ya nne. Wengi watasema moja ya nne, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Lakini mtoto huyohuyo ukimtuma dukani sukari robo, akaletewa kidogo kuliko alivyozoea, atagoma kuondoka. Anaijua robo. Basi anzia hapo. Chungwa moja la Ukerewe, watoto wawili. Chungwa la pili, watoto watatu. La tatu, watoto wanne. Muulize angependa kukaa kwenye kundi lipi. Akishajibu kwa tumbo, mwonyeshe kwamba ile namba ya chini, asili, ni idadi ya watu wanaogawana. Hatasahau tena.

La nne: rula ya samaki. Watoto wa wavuvi wanajua kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25 haruhusiwi kuvuliwa. Wamemsikia baba akilalamika. Chukueni mti mnyoofu, muuwekee alama za sentimita kwa rula ya shule, mpime vitu vyote: kasia, mlango, mtoto mwenyewe. Halafu waulize sangara wa sentimita 43 amepungukiwa ngapi. Kwa ujazo, ndoo ya lita 20 na chupa ya nusu lita zinatosha. Wakadirie kwanza chupa ngapi zitaijaza, ndipo wajaze na kuhesabu. Kukadiria kabla ya kupima ni nusu ya akili ya hisabati, na huwa hakupewi nafasi kwenye mtihani.

La tano: saa. Hapa sisi Waswahili tuna mtihani wetu. Mshale mfupi uko kwenye 7, sisi tunasema saa moja. Mtoto anachanganyikiwa, na ana haki. Mwonyeshe kwamba namba tunayoitamka ndiyo inayotazamana na mshale mfupi, upande wa pili wa duara. Mshale kwenye 7, ng'ambo yake ni 1. Mshale kwenye 3, ng'ambo yake ni 9, ndiyo saa tisa alasiri. Mzigo umegeuka mchezo, na humo ndani umefundisha kujumlisha na kutoa sita.

La sita: "umepataje?" Hili ndilo ninalolipenda, kwa sababu limetoka kwenye fani yangu. Shahidi akijibu, wakili mzuri haishii kwenye jibu, anauliza alijuaje. Mtoto akipata, muulize umepataje. Akikosa, muulize umepataje, kwa sauti ileile. Kosa la mtoto ni ushahidi wa anavyofikiri, na ukilifuta kwa rangi nyekundu umeharibu ushahidi. Mwache aeleze kwa lugha inayomtoka. Kama nyumbani kwao ni Kikerewe, Kijita, Kikara au Kisukuma, ahesabu kwa hicho kwanza. Wazo likishakaa, Kiswahili chake kitafuata, na huko mbele kidato cha kwanza kinamsubiri Kiingereza. Huwezi kumbebesha mtoto wazo jipya na lugha ngeni kwa siku moja.

La saba: panga watoto kwa kiwango, siyo kwa umri. Shirika la Pratham la India lilifanya njia hii ijulikane duniani. Kwa saa moja hivi kwa siku, sahau mtoto yuko darasa la ngapi, angalia anachoweza. Hapa Tanzania, Uwezo ya Twaweza ilikuwa ikipita nyumba kwa nyumba ikiwapima watoto kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili, na ilikuwa ikikuta watoto wa madarasa ya juu ambao hayo ya darasa la pili yaliwashinda. Kipimo chako kiwe cha dakika tano. Hesabu visoda 23. Ipi kubwa, 67 au 76? Nane na tano ni ngapi? 42 toa 17. Visoda 12 kwa watoto watatu. Anapokwama ndipo kundi lake lilipo, na asichekwe. Wakiwa wengi, kila mmoja awe na kibao chake: kipande cha boksi kilichopakwa masizi na chaki, au hata daftari kuukuu. Unauliza, wote wanaandika, wote wanainua. Kwa sekunde kumi umeona majibu arobaini. Ukiuliza "mmeelewa?" utaitikiwa "ndiyooo mwalimu", na hiyo haijawahi kumpima mtu.

Vitabu navyo vipo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na simu moja ya kijana wa tawi inaweza kuhudumia watoto kumi. Na hapa kisiwani tuna Chuo cha Ualimu Murutunguru. Tuwafuate wanaosomea ualimu, tuwaombe watufundishe sisi kwanza.

Fimbo haimo kwenye orodha ya zana

Mtaniuliza, na fimbo je? Wengi wetu tumelijua jedwali la saba kwa fimbo. Mimi nawajibu kwa sheria. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002, zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu maalumu. Na vimewekwa kwa ajili ya utovu mkubwa wa nidhamu. Kukosa saba mara nane si utovu wa nidhamu. Kwa hiyo mtoto anayechapwa kwa sababu kakosa hesabu anachapwa nje ya sheria, hata kabla hatujabishana kama viboko vinafaa kuwepo kabisa. Binafsi naona havifai. Mtoto mwenye hofu ananyamaza, na akinyamaza hutajua kamwe alipataje ile 1,500.

Nisieleweke vibaya. Mwalimu mmoja mwenye watoto zaidi ya mia chumba kimoja, naye anachapwa na mfumo. Hatujengi chama kwa kumtukana mwalimu. Mwalimu ni mwenzetu.

Shilingi 31

Sasa tufanye hesabu sisi wenyewe. Toeni simu.

Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, kiwango cha ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi kimekuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zimekuwa zikibaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 zinashuka shuleni. Gawanyeni 6,000 kwa miezi 12. Ni 500. Gawanyeni sasa kwa siku 194 za masomo. Hazifiki shilingi 31 kwa mtoto kwa siku. Hapo ndani kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo. Nani hapa anajua kitu kinachouzwa shilingi 31? Hata pipi hupati.

Hesabu ya pili. Ile 10,000 haikuanza 2016. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002 uliweka dola 10 kwa mtoto, na wakati ule dola 10 zilikuwa karibu shilingi 10,000. Leo dola 10 ni zaidi ya shilingi 20,000. Namba kwenye karatasi imebaki ileile, thamani imepungua kupita nusu. Mtu asiyejua hisabati utamwambia "hatujapunguza hata senti", na atapiga makofi.

Hesabu ya tatu ni ya shule yenu. Kama ina watoto 900, zidisheni kwa 6,000: milioni tano na laki nne kwa mwaka. Zilifika? Zote? Lini? Zilinunua nini? Zana za hisabati zilipata ngapi?

Lakini tuwe wakweli, hata pale ukweli unapotubana sisi wapinzani. Kati ya 2013 na 2014 Twaweza na watafiti walifanya jaribio lililoitwa KiuFunza, kwenye shule 350 za wilaya 10 nchini. Shule nyingine zilipewa ruzuku taslimu. Nyingine walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu aliyefaulu. Nyingine zikapata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua alama za watoto. Ruzuku pamoja na motisha ya mwalimu viliinua. Maana yake nini kwetu? Tukisimama jukwaani tukasema "ongezeni hela" tukaishia hapo, tumesema nusu. Nusu ya pili ni kuuliza kile kilichobadilika kwenye meza ya mtoto na kwenye maisha ya mwalimu.

Katiba, kama nilivyoahidi

Ibara ya 11 ya Katiba yetu ya 1977 inasema kila mtu anayo haki ya kujielimisha, na Serikali ifanye jitihada ili watu wote wapate fursa sawa. Maneno matamu. Sasa rudini Ibara ya 7, ibara ndogo ya (2). Inasema masharti ya sehemu ile, ambamo Ibara ya 11 imo, hayatekelezwi na mahakama yoyote. Yaani mama wa Ilugwa akienda mahakamani na Ibara ya 11 mkononi, mlango umefungwa na Katiba yenyewe. Wenzetu Kenya, Katiba yao ya 2010, Ibara ya 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na iko ndani ya haki ambazo mtu anaweza kuzidai mahakamani. Tunapodai Katiba Mpya, hii iwe mojawapo ya sababu tunazozitaja kwa jina. Ni ya mtoto wa darasa la pili, haihusu vyeo.

Mpaka siku hiyo ifike, tuna silaha ndogo inayofanya kazi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi kwenye ofisi ya umma, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Barua ya ukurasa mmoja, kwa adabu, bila matusi: naomba kujua ruzuku iliyopokelewa na shule fulani mwaka fulani, na matumizi yake. Weka tarehe, bakiza nakala, pata muhuri wa kupokelewa. Na kamati ya shule ni chombo cha wazazi. Mzazi anayeijua 6,000 mara 900 akikaa kwenye kikao hicho, kikao kinabadilika.

Tunachoanza nacho

Mwenyekiti, napendekeza mambo matatu. Kila tawi liwe na darasa la uwanjani mara mbili kwa wiki, saa moja tu, la watoto wa darasa la pili hadi la nne. Vifaa ni vile nilivyovitaja: vijiti, visoda, trei, machungwa, maboksi. Kila tawi liandike barua moja ya ruzuku. Na kila mwisho wa mwezi tuwapime watoto kwa maswali yale matano, tuandike matokeo kwenye daftari, tuone tunasonga au tunajifurahisha.

Masharti nayo ni haya, na sitaki mzaha hapa. Hakuna bendera wala fulana ya chama. Hakuna salamu ya chama. Mtoto wa balozi wa CCM anakaa mstari wa mbele kama wengine. Mzazi atoe ruhusa kwanza. Darasa liwe mahali pa wazi panapoonekana, na wakubwa wawili wawepo muda wote, mmoja wao mwanamke. Anayetaka kura za mtoto wa miaka minane asubiri miaka kumi.

Tuna faida yetu humo, sifichi. Wakala anayekaa kituoni usiku, akajumlisha kura kwa mkono huku taa ya simu inaisha chaji, alianza kuandaliwa darasa la pili. Lakini hata kama hakuna hata mmoja wa watoto hawa atakayekuja kwetu, nchi itakuwa na watu wasiodanganywa kirahisi. Hilo linatutosha.



Maswali mawili

Kaka mmoja aliuliza: "Dada, sasa sisi tukifundisha, si tunaisaidia serikali kukwepa kazi yake?"

Nilimjibu hivi. Mgonjwa akiwa anavuja damu, unafunga jeraha, na kesi ya aliyemkata inaendelea. Kufunga jeraha hakufuti kesi. Ndiyo maana nimesema darasa na barua viende pamoja. Tawi litakalofundisha bila kuandika barua litakuwa limeisamehe serikali, na litakaloandika barua bila kufundisha litakuwa limemwacha mtoto asubiri majibu ya ofisi. Mtoto wa darasa la tatu mwaka huu, mwakani yuko la nne.

Mama mmoja aliuliza la pili, kwa sauti ya chini. Alisema yeye aliishia darasa la saba, siku nyingi zimepita, na hesabu anazoletewa na mwanawe hazielewi. Atamsaidiaje?

Mama, shikamoo. Huhitaji kulijua jibu. Jioni ukiwa unachambua dagaa, mwambie mwanao akufundishe alichojifunza leo. Akimaliza, muulize: umepataje? Akikwama, mpe dagaa zenyewe azipange kumi kumi. Muulize tena. Usimkatishe, usimcheke, usimsaidie haraka. Dakika kumi zinatosha, halafu mzipike.